Barua ya hataza imefika gereji: soma madai kabla hujafungua pochi

Swali limetoka kwa fundi wa Kizota, Dodoma. Nimelifupisha:

"Miaka minne sasa natengeneza springi za nyuma za guta na pikapu zinazobeba mahindi kwenda Kibaigwa. Naacha mabapa ya gari, yaani vyuma bapa vya springi, kama yalivyo, juu yake naongeza mabapa mafupi mawili ya kusaidia, halafu kila upande naweka koili moja ambayo chesisi inaigusa mzigo ukizidi. Mwezi uliopita mfanyabiashara wa Dar es Salaam kaniletea barua: mpangilio huo una hataza ya Marekani ya mwaka 2016, yeye ndiye wakala, nilipe milioni 6 au niache kazi. Anasema hata muonekano wa koili juu ya bapa ni mali yao, na nikikaidi ataisajili BRELA, kwa msajili wa serikali, ili anishtaki vizuri. Nimekutumia barua, hati yenyewe na picha. Nilipe? Na je, kile kiatu cha bapa nilichobuni mwenyewe naweza kukisajili?"

Mbukwa, fundi. Usilipe. Usimtukane pia, na usimpigie simu ukiwa na hasira, maana neno lako moja la "ndiyo nilinakili" litamfaa kuliko barua yake yote.

Nianze na hilo la Marekani. Hataza, yaani patent, ni haki ya mvumbuzi inayotolewa na nchi, nayo huishia mpakani. Iliyotolewa Marekani inamzuia mtu kutengeneza, kuuza au kuingiza kitu hicho Marekani. Huko Kizota haina nguvu. Ili ikuguse hapa Tanzania Bara ni lazima iwe imesajiliwa BRELA moja kwa moja, au iwe imepitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika, kule Harare na Tanzania ikatajwa miongoni mwa nchi zinazolindwa. Zanzibar wana sheria yao. Basi kitu cha kwanza kumuuliza, kwa maandishi, ni namba ya hataza ya Tanzania au ile ya ARIPO, ambayo huanza na herufi AP. Barua yako ina namba mbili tu. Moja inaanza na US. Nyingine inaanza na WO, na hiyo si hataza kabisa: ni ombi la kimataifa, tiketi ya kumwezesha mtu kugonga hodi nchi nyingi, na hodi si kuingia. Nimeona watu wakiitembeza namba ya WO kama hati ya kiwanja.

Hili tishio la kuisajili sasa hivi ndilo lililonifanya nitabasamu. Uvumbuzi unaoombewa hataza lazima uwe mpya, na upya hapa hauishii Tanzania: kilichochapishwa popote duniani kabla ya tarehe ya ombi kinahesabika. Hati ya Marekani imechapishwa, iko mtandaoni, na wewe mwenyewe umeipakua kwa simu. Kwa hiyo kinachomzuia kusajili leo ni hati yake mwenyewe. Mkataba wa Paris, ule wa kulinda uvumbuzi kati ya nchi na nchi, unampa mwombaji miezi 12 tangu ombi la kwanza ili aende nchi nyingine akiwa bado anahesabiwa tarehe ileile ya mwanzo. Akipitia njia ya WO anapata muda zaidi, kama miaka miwili na nusu hivi tangu tarehe hiyo. Hati yako inaonyesha ombi la kwanza lilikuwa 2014. Kama hakuingia ARIPO wala BRELA ndani ya muda huo, mlango umefungwa, na wakala wa leo hana ufunguo. Andikia BRELA uombe wakutafutie kwenye daftari la hataza kwa jina la mwenye hati. Wewe mwenyewe ingia Espacenet au Patentscope, tovuti za kutafutia hataza, ni bure, weka namba ya US, kisha tazama orodha ya ndugu zake, yaani maombi ya uvumbuzi huohuo nchi nyingine. Usipoona AP wala TZ, habari imekwisha kwa upande wa Tanzania.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini umetaja kwamba una mteja wa Nairobi anayetaka seti kumi, na Kenya nayo ina daftari lake. Halafu kesho atakuja mwingine mwenye hataza halali ya hapa hapa. Kwa hiyo tuisome hati yenyewe, na kwa kweli hapa ndipo utamu ulipo.

Watu wengi wakipokea hati ya hataza hutazama michoro. Wanaona bapa, wanaona koili, wanasema mungu wangu, ni kama yangu. Michoro si mpaka. Mpaka uko mwishoni, kwenye sentensi zenye namba zinazoitwa madai. Dai la kwanza kwa kawaida ndilo pana kuliko yote, na kanuni yake ni rahisi: likitaja vitu vitano, mshtakiwa lazima awe na vyote vitano au kinachokaribiana navyo mno. Kikikosekana kimoja, umeanza kutoka nje ya uzio.

Dai la kwanza la hati hii, nikilipasua, lina mabapa yaliyofungwa kwenye ekseli; koili iliyosimama kati ya ekseli na chesisi; kikombe kinachoshika koili kwa chini; mpira wa kuzuia ndani ya koili; na skrubu ya kupandisha au kushusha kimo cha koili "bila kuiondoa kwenye gari". Mabapa unayo. Koili unayo. Kikombe, tuseme unacho, kile kisahani ulichochomelea kwenye bamba la yubolti kinafanana nacho. Mpira sijauona kwenye picha. Skrubu huna.

Ila una visahani. Picha ya tatu inaonyesha visahani vinne vya chuma vimepangwa chini ya koili, naamini kwa ajili ya kupandisha kimo. Wakili yeyote anayejua kazi yake atakirukia hicho: "Visahani na skrubu ni kitu kimoja, vyote vinarekebisha kimo." Hapo ndipo kesi za springi duniani hushinda au kushindwa, kwenye swali la nini kinahesabika kuwa sawa na kilichoandikwa.

Mfano ninaoupenda hautoki kwenye magari. Unatoka kwenye mashine ya kina mama ya kung'oa vinyweleo, iitwayo Epilady. Moyo wake ulikuwa koili iliyopindwa kama upinde na kuzungushwa na mota. Upande wa nje wa pindo mizunguko ya koili inafunguka, upande wa ndani inafumba, na inapofumba inabana unywele na kuung'oa. Hataza ilisema wazi: springi ya koili. Kampuni ya Remington ikaja na mashine yake yenye fimbo ya mpira iliyochanjwa mipasuo. Imepindwa vilevile, inazunguka vilevile, mipasuo inafunguka na kufumba vilevile. Ukiiwasha, kazi ni ileile. Mwaka 1989 jaji Hoffmann wa London alijiuliza maswali matatu: je, tofauti hii inabadilisha namna uvumbuzi unavyofanya kazi? Kama haibadilishi, je, fundi wa fani hiyo angeligundua hilo bila kuumiza kichwa? Na hata kama angeligundua, je, fundi huyohuyo akisoma dai angeelewa kwamba mwandishi alikusudia kushikilia neno lake hasa? Kwa swali la tatu Remington ikapona: aliyeandika springi ya koili hakumaanisha fimbo ya mpira. Mahakama ya Düsseldorf, Ujerumani, kwa hataza ileile na mashine ileile, ikasema imevunjwa. Springi moja, nchi mbili, hukumu mbili. Waingereza wenyewe walikuja kuyaandika upya maswali hayo mwaka 2017 kwenye kesi ya dawa, wakamfungulia mwenye hataza mlango kidogo zaidi, lakini lile la tatu bado liko palepale: alikusudia nini alipoliandika neno hilo?

Majaji wetu hawafungwi na hukumu za London wala Düsseldorf, ila mawakili wetu huzibeba, na majaji huzisikiliza.

Sasa rudi kwenye visahani vyako. Fungua ukurasa wa pili wa hati, aya inayoeleza tabu za zamani. Mwandishi kalalamika mwenyewe kwamba mafundi "huweka visahani chini ya springi", jambo linalolazimu kunyanyua gari na kuitoa koili, na kwamba uvumbuzi wake umekuja kuondoa usumbufu huo. Umeona alichokifanya? Kavitaja visahani, kavikataa, kisha kwenye dai akaandika skrubu ya kurekebisha bila kuiondoa koili. Mtu hawezi kusema mbele ya msajili kwamba visahani ni tabu ya zamani isiyohusiana naye, kisha mbele ya jaji aseme visahani ni sawa na skrubu yake. Aya hiyo ichapishe, ipige mstari mwekundu, iweke kwenye faili. Ina thamani kuliko hotuba ya wakili wa milioni mbili.

Kuna na njia ya pili ya kujilinda, nayo ni kuipiga hataza yenyewe. Hataza si msahafu. Cheti kinaweza kufutwa mahakamani ikithibitika kwamba jambo lilikuwepo kabla. John Boyd Dunlop, yule wa tairi za upepo, alipata hataza yake mwaka 1888, kisha ikaja kugundulika kwamba Mskoti mwenzake, Robert William Thomson, alishaandikisha wazo hilo miaka ya 1840. Hataza ikaanguka, ingawa biashara haikuanguka. Na springi ni kongwe kuliko tairi za upepo. Springi za mabapa za mkokoteni wa farasi Obadiah Elliott wa London alizipatia hataza mwaka 1804. Mabapa ya kusaidia yanayoguswa mzigo ukizidi yamejaa kwenye hati za enzi za malori ya mwanzo kabisa. Sababu yake ni hesabu, haina ujanja wa mtu mmoja: ugumu wa bapa unapanda kwa mchemraba wa unene wake, yaani ukizidisha unene mara mbili ugumu unapanda mara nane. Ukiweka bapa nene tosha kwa gunia ishirini, gari tupu litaruka kama mbuzi kwenye makorongo ya barabara za vijijini. Kwa hiyo kila fundi aliyewahi kufikiri, awe wa Birmingham au Mpwapwa, anaishia palepale: bapa laini kwanza, msaada baadaye. Jambo ambalo kila mtu analifikia kwa kubanwa na hesabu ileile ni gumu kuliitia mkono mmoja.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema jambo la namna hiyo mwaka 2007 katika kesi ya KSR na Teleflex. Ugomvi ulihusu pedali ya mafuta inayorekebishika, iliyounganishwa na sensa ya umeme. Pedali ilikuwepo, sensa ilikuwepo, na soko lote lilikuwa linahama kutoka waya kwenda umeme. Majaji wakasema kuunganisha vitu vinavyojulikana, kila kimoja kikifanya kazi yake ileile ya siku zote, hakutoshi kuitwa uvumbuzi. Kumbuka kesi hii, nitairudia kwenye kiatu chako, na huko haitakufurahisha.

Kuhusu madai yake ya "muonekano" wa koili juu ya bapa, nitakuwa mfupi. Kuna kesi ya Marekani ya mwaka 2001, TrafFix, iliyohusu vibao vya barabarani vinavyosimama juu ya springi mbili ili upepo usiviangushe. Hataza ziliisha muda. Mwenye bidhaa akasema sawa, hataza zimekwisha, lakini springi mbili zikionekana chini ya kibao watu wananijua mimi, huo ni muonekano wangu. Mahakama ya Juu ikakataa kwa kauli moja: springi zile zipo kwa sababu ya kazi, na hataza zake mwenyewe ndizo ushahidi wa kazi hiyo. Tena miaka ya nyuma, hataza zikiwa hai, mvumbuzi alishamshtaki mtu ambaye springi zake zilikaa mbalimbali, na akashinda kwa kusema umbali haujalishi, kazi ni ileile. Ushindi huo ndio uliotumika kummaliza. Koili yako ipo kubeba gunia, haipo kupendeza. Asiyeamini na aitoe, kisha apakie.

Na yale magari unayoletewa springi ikiwa imevunjika, ukabadilisha bapa moja au koili moja na kulirudisha barabarani? Huo ni ukarabati, na mwenye gari ana haki ya kukarabati mali yake. Marekani walilisema hilo mwaka 1961 kwa turubai za paa za magari ya wazi, kesi ya Aro. Uingereza wakalisema 1986, British Leyland ilipotaka kumzuia Armstrong kutengeneza mabomba ya ekzosi ya Morris Marina. Ile ya pili ilikuwa ya hakimiliki ya michoro, si hataza, na mwaka 1997 majaji wa London waliipunguza makali kwenye kesi ya katriji za printa. Usiitegemee kwa seti mpya kumi za Nairobi. Hizo ni utengenezaji, na kwa hizo lazima daftari la Kenya litafutwe kwanza.

Sasa kiatu chako.

Nimekiangalia kwenye video. Kipande cha bomba kilichokatwa nusu, kimefungwa chini ya chesisi, ncha ya bapa la kusaidia inateleza ndani yake bila kugonga, na ule mwinuko mdogo wa nyuma unafanya bapa liguse mahali tofauti kadiri mzigo unavyoongezeka. Kuteleza si kupya. Mwinuko huo ndio ulionivutia, kwa sababu unapogusa mahali tofauti unafupisha bapa, na bapa likifupika linakuwa gumu polepole badala ya kushtuka. Sijasema hakipo duniani. Nimesema hicho ndicho cha kutafuta, na ukikiombea hataza, dai lako liandikwe juu ya umbo la mwinuko, si juu ya "springi za guta zenye msaada". Ukiandika upana kwa tamaa, utakutana na KSR upande wa pili wa meza.

Kwa kitu cha ukubwa huu mimi nisingekimbilia hataza kamili. Sheria yetu ya Hataza ya mwaka 1987 ina cheti kingine chepesi kwa maboresho madogo. Hakidai ile hatua kubwa ya uvumbuzi, kinadai upya na kutumika viwandani, na kinadumu miaka 7. Hataza ya kitaifa ni miaka 10, ikiongezeka mitano na mitano tena kama kweli inatumika nchini, na kila mwaka ina ada. Ukiacha kulipa ada inakufa, wala hakuna anayekuja kukuamsha.

Lakini kuna jambo moja litakalokuuma. Seti ya mabapa na koili umeiuza miaka minne hadharani. Hiyo huwezi kuisajili tena, na kwa bahati nzuri wala mwingine hawezi kuja leo kuiombea akudai wewe, ilimradi una ushahidi wa tarehe: risiti, picha kwenye simu, daftari la wateja. Vitunze. Kiatu umekifunga kwenye gari lako tu, wiki tatu. Usikiuze. Usikitume kwenye kundi la WhatsApp la mafundi. Na usikipeleke kwenye maonesho ya Nanenane pale Nzuguni, hata kama afisa atakuomba kwa upole. Mimi niliwahi kusimama pale siku mbili nikieleza kifaa changu cha kufunga tela, nikifurahi jinsi watu wanavyopiga picha. Nilipokwenda kuombea, picha nzuri kuliko zote zilizowekwa mezani dhidi yangu zilikuwa zimepigwa kwenye banda langu, na mimi nimo ndani nacheka. Kuna misamaha kwa baadhi ya maonesho, ni finyu na ina masharti. Wahi kuwasilisha ombi, tarehe ikishagongwa, ndipo uonyeshe dunia.

Ombi lako lianze kwa michoro. Huhitaji kompyuta, chora kwa rula, pembe tatu, na uandike kipimo cha mwinuko kwa milimita kwenye mzigo mtupu, nusu na kamili. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanaweza kukusaidia kuipanga. Madai mpe mtu wa hataza ayaandike, hapo usibane hela.

Kwa yule wa Dar, barua iwe ya mistari michache: "Nimepokea barua yako. Tafadhali nitumie namba ya hataza inayolindwa Tanzania, uthibitisho wa ada ya mwaka huu, hati ya mwenye haki kukuteua wakala, na unionyeshe kila kipengele cha dai la kwanza kinapatikana wapi kwenye kazi yangu." Usiongeze sababu zako, wala usimweleze habari ya visahani. Akileta karatasi ya mahakama badala ya jibu, siku hiyohiyo tafuta wakili, kwa sababu siku za kujibu zinahesabika.

Jambo la mwisho halihusu sheria. Picha ya tano, upande wa kulia, bapa la tatu kutoka juu lina ufa mwembamba unaoanzia kwenye tundu la senta bolti. Yubolti za upande huo zimelegea, inaonekana kwa kutu iliyosagika pembeni. Libadilishe kabla gari halijapakia, na usilipashe moto kulinyoosha, ugumu wake utaondoka. Kaza yubolti kisha zirudie baada ya safari ya kwanza ya Kibaigwa.